Kofia ya mawimbi ya ubongo inaona nini hasa? Mzigo wa akili, umakini, na mikanda wanayouziwa wazazi (uzi mrefu)

#1 Binti_Pangani

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita dada yangu aliyeko Tanga alinitumia tangazo. Muuzaji mmoja amepita kituo cha tuisheni anakosoma mwanawe wa darasa la sita, anauza mkanda wa kuvaa kichwani. Anasema ukimvika mtoto, simu yako itakuonyesha kwa asilimia kama yuko makini au akili imetoka nje ya darasa. Dada anauliza: ni kweli, au tunaibiwa? Nikaanza kumjibu kwa ujumbe wa sauti. Nilipofika dakika ya kumi na moja nikaona hili nililete hapa jukwaani, maana wazazi watakaouziwa mkanda huo ni wengi.

Niko Ujerumani, nasoma uhandisi wa vifaa tiba. Kwa miaka miwili kazi yangu ya maabara imekuwa kuwavika watu kofia ya elektrodi, yaani vitambuzi vidogo vinavyosoma umeme kwenye ngozi ya kichwa, kuwapa kazi nyepesi kisha ngumu, na kuangalia mawimbi ya ubongo wao yanabadilikaje. Naipenda kazi hii kwa dhati, ndiyo maana imeniuma kuona inauzwa namna hiyo.

Tuanzie kwenye kinachopimwa. Seli za ubongo zinawasiliana kwa umeme. Seli moja huwezi kuisikia ukiwa nje ya fuvu, lakini zikipiga maelfu kwa maelfu kwa pamoja, umeme kidogo unafika kwenye ngozi ya kichwa. Ni kidogo kweli: maikrovolti 10 hadi 100. Wimbi la maikrovolti 50 ni sehemu moja ya 30,000 ya betri ya redio ya volti 1.5. Kipimo chenyewe ndicho kinachoitwa EEG, kilekile anachofanyiwa mgonjwa wa kifafa kwenye hospitali kubwa.

Mimi hukifananisha na kusimama nje ya ukuta wa ua ambamo wanapiga ngoma ya harusi. Mtu mmoja akinong'ona humo ndani, husikii. Wakipiga pamoja, mdundo unakufikia. Unajua wametulia au wamechangamka, unajua wamebadili saa ngapi. Nani kavaa nini na nani kamwambia nani nini, ukuta hauwezi kukupa.

Aliyetangulia kuusikia mdundo huo kwa binadamu ni daktari wa magonjwa ya akili, Hans Berger, mjini Jena, mwaka 1924. Alikaa na matokeo miaka mitano, akirudia na kurudia, akimpima hata mwanawe Klaus, hadi akayachapisha 1929. Aliona wimbi linalopanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde mtu akiwa ametulia, macho kafumba. Akaliita alfa. Mtu akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kichwa, wimbi lile linafifia. Kwa hiyo tangu enzi za Berger mzigo wa akili ulikuwa umeshaanza kuonekana kwenye karatasi.

Leo tunaangalia hasa mawimbi mawili. Alfa, mara 8 hadi 13 kwa sekunde, upande wa nyuma wa kichwa: hushuka kazi ya kutazama na kufikiri inapokolea. Na theta, mara 4 hadi 8 kwa sekunde, mbele katikati, juu ya paji la uso: hupanda unapobeba vitu vingi kwenye kumbukumbu ya muda mfupi. Theta ya mbele ikipanda na alfa ya nyuma ikishuka, tunasema mzigo umeongezeka.

Tunatumia zoezi ambalo Wayne Kirchner alilichapisha mwaka 1958. Herufi zinapita kwenye kioo cha kompyuta, moja baada ya nyingine. Kazi ya kwanza: bonyeza kitufe herufi ikifanana na iliyotangulia. Hata mtoto anaweza. Kisha tunasema, bonyeza ikifanana na ile ya hatua mbili nyuma. Hapo mtu ananyamaza. Kisha hatua tatu nyuma, na hapo naona kidole kinasita juu ya kitufe, midomo inacheza kimyakimya, anajirudia herufi. Kwenye kioo changu theta inapanda ngazi kwa ngazi pamoja naye.

Halafu kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kuna watu ambao wakifika hatua tatu, theta inapanda, inapanda, kisha inaanguka ghafla na alfa inarudi. Ukiangalia namba tu utasema kazi imekuwa rahisi. Ukimwangalia usoni unaona amekata tamaa, ameacha kujaribu. Ubongo uliozidiwa ukajitoa, na ubongo usio na kazi, vinaweza kufanana kabisa kwenye kioo. Muuzaji wa mikanda hawezi kukwambia hilo, na ndilo zito kuliko yote.

Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

#2 Mzee_Kitwana

Binti, nimesoma mpaka mwisho, Mungu akuzidishie. Swali langu ni moja. Hiyo mashine inaweza kujua mtu anawaza nini? Kwamba huyu anadanganya, huyu ana chuki na mwenzake? Maana watu huku wanasema wazungu wameshafika huko.

#3 Binti_Pangani

Shikamoo mzee wangu. Kofia hizi hazifiki huko. Zinasikia mdundo, maneno ya wimbo haziyapati.

Lakini swali lako lina historia. Berger mwenyewe alianzia hapohapo. Akiwa askari kijana alianguka kutoka kwenye farasi, nusura akanyagwe na gurudumu la gari la mzinga. Siku hiyohiyo baba yake akamtumia simu ya maandishi kuuliza hali yake, kwa sababu dada yake kule nyumbani alipatwa na hofu kwamba kaka yake yuko hatarini. Jambo hilo halikumtoka. Alitaka kujua kama mawazo husafiri kutoka kichwa hadi kichwa, akaingia udaktari wa ubongo kwa ajili hiyo. Hakulipata alilolitafuta. Alipata alfa.

#4 Fundi_Redio

Mkuu, nimetengeneza vikuza sauti miaka mingi, na ishara ya maikrovolti 50 kwangu ni kelele tu. Mnaiokotaje? Umeme wa nyumbani peke yake, ule wa mara 50 kwa sekunde, unatosha kuifunika. Na huo mkanda wa bei nafuu wenye vitambuzi viwili vya chuma, bila jeli, unapata nini?

#5 Binti_Pangani

Fundi, umegonga penyewe.

Kwenye maabara tunachuja huo umeme wa mara 50. Tunasafisha ngozi, tunatia jeli yenye chumvi ili ukinzani ushuke, na tunaweka elektrodi 32 au 64 kwa kufuata mpango ambao Herbert Jasper aliuchapisha mwaka 1958, unaogawa kichwa kwa umbali wa asilimia 10 na 20. Kwa hiyo elektrodi ya mbele katikati inakaa mahali palepale kwa kila mtu, kichwa kiwe kikubwa au kidogo.

Bado kelele kubwa kabisa inatoka kwa mwenye kichwa. Jicho lenyewe lina umeme, na kope ikipepesa mara moja, kwenye paji la uso tunaona mlima unaoumeza ubongo wote. Misuli ya taya ukiuma meno, misuli ya paji ukikunja uso, shingo ukigeuka, vyote vinaandika humo. Sehemu kubwa ya siku yangu ni kutoa macho na meno ya watu kwenye mawimbi.

Sasa weka mkanda wa vitambuzi viwili kwenye paji la uso. Umekaa juu ya macho, juu ya misuli ya kukunja uso, mbali na alfa ya nyuma. Halafu namba ya "umakini" inatengenezwaje? Fomula moja maarufu ilitoka NASA, shirika la anga la Marekani, kituo cha Langley, mwaka 1995, kwa Alan Pope na wenzake: chukua beta, yaani mawimbi ya haraka ya mara 13 hadi 30 kwa sekunde, gawanya kwa jumla ya alfa na theta. Ilibuniwa ili mfumo ujue lini kazi irudishwe mikononi mwa binadamu na lini ifanywe na mashine, na ilikuwa hatua nzuri. Lakini umeme wa misuli unaingia kwenye beta moja kwa moja. Mtoto akiuma meno kwa hofu ya mama aliyekaa na simu pembeni, beta inapanda, na simu inasema mwanao yuko makini sana.

Na ya watoto ni zaidi. Alfa ya mtoto mdogo huenda polepole kuliko ya mtu mzima, inaongezeka kasi kadiri anavyokua. Programu iliyofunzwa kwa watu wazima inamsoma mtoto vibaya tangu mwanzo.

#6 Mwl_Hesabu

Nafundisha hisabati kidato cha kwanza, Pwani, darasa limejaa. Nakubaliana na mengi, ila niwe mkweli. Ninapoandika ubaoni sijui nani yuko nami na nani ameshaachwa. Wote wananitazama. Nikigeuka naona macho tu. Kama kipo kifaa cha kuniambia yule wa dirishani amepotea tangu dakika ya tano, ningekitaka. Je, hakuna nchi iliyojaribu?

#7 Binti_Pangani

Mwalimu, shukrani kwa ukweli huo. Imejaribiwa. Mwaka 2019 shule ya msingi huko Jinhua, mkoa wa Zhejiang, China, iliwavika watoto mikanda ya kampuni iitwayo BrainCo. Mkanda una taa mbele: nyekundu mtoto akiwa makini, buluu akiwa ametawanyika. Taarifa zinaenda kwa mwalimu, na kwa wazazi pia. Picha zilipoenea, Wachina wenyewe walikasirika, na mwezi wa kumi mwaka huohuo matumizi yakasimamishwa.

Najaribu kumfikiria mtoto mwenye taa ya buluu kwenye paji la uso mbele ya wenzake arobaini. Akili yake yote itakuwa kwenye taa, hesabu itamjia saa ngapi?

Na kuna jambo la kisayansi ambalo lingenitosha hata kama watu wasingekasirika. Nimesema alfa hushuka mtu akitazama na kufanya kazi. Lakini umakini wa kuingia ndani, pale unapoacha kutazama nje ili ulipange jambo kichwani, mara nyingi huipandisha alfa. Unamjua yule mwanafunzi anayeangalia dari, kalamu mdomoni, kisha anaandika jibu? Dakika ile ya dari ndiyo anafikiri kuliko wote. Mkanda utasema ameduwaa.

#8 Semi_Trela

Wakuu, mimi dereva. Nakula lami mwaka wa kumi na nne, Dar–Tunduma. Nimesoma hapa mizani nikisubiri foleni.

Niseme ninachokijua. Watu wanadhani hatari ni Kitonga. Kitonga hakuna anayesinzia. Kona, mteremko, breki, lori la mbele limekufa katikati, mwili wote uko macho. Usingizi unakukamata barabara ikinyooka, ukishaiacha Makambako unashuka tambarare ya Igawa, jua la saa nane, injini inaimba wimbo mmoja. Macho yako wazi kabisa. Halafu unashtuka umepita kijiji na hukumbuki kukiona. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mawimbi yenu yanaiona?

#9 Binti_Pangani

Kaka, yanaiona, na ni moja ya mambo yanayoonekana vizuri zaidi.

Kwanza hiyo ya tambarare ina jina la mtu. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza waliona kwamba watazamaji wa rada, vijana wazima wenye macho mazuri, wanaanza kupitwa na alama kwenye kioo. Norman Mackworth akatengeneza saa yenye mshale unaosogea hatua moja moja, hatua 100 kwa mzunguko, na mara chache sana unaruka hatua mbili. Kazi yako ni kuona ule mruko, kwa saa mbili. Alichapisha mwaka 1948: baada ya kama nusu saa tu watu wanaanza kupitwa. Kazi iliyo nyepesi mno inachosha umakini kama iliyo nzito mno. Kitonga na Igawa ni ncha mbili za jambo lilelile.

Kwenye EEG, dereva anayezama anaanza kutoa alfa macho yakiwa wazi. Ni kama ubongo umefumba macho kabla ya kope. Baadaye mawimbi yanapungua kasi, theta inatanda kichwa kizima. Hapa niseme kwa uangalifu, maana hata wanafunzi wenzangu huchanganya: theta ya mzigo inakaa mbele katikati, theta ya usingizi inatanda kote. Wimbi moja, habari mbili. Ndiyo maana kitambuzi kimoja hakitoshi kutofautisha.

Na usingizi wa sekunde tatu, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni mita 67 bila dereva.

Australia kuna kofia za madereva wa malori ya migodini zenye vitambuzi kwenye ukanda wa ndani, zinaitwa SmartCap. Zinakutahadharisha kabla hujazama.

#10 Semi_Trela

Ahsante dada. Nimeelewa, na nimekubali kwamba kinaona. Sasa swali la barabarani. Kikilia, kinamlilia nani?

Kikinililia mimi, ninajua tayari nimechoka. Sijawahi kusinzia bila kujua nimechoka. Ninapumzika wapi? Mwenye gari anahesabu siku, mwenye mzigo anahesabu siku, na tingo wangu hana leseni. Kikimlilia tajiri ofisini, kesho anampa funguo mwingine mwenye njaa zaidi, ambaye naye hajalala. Tumebadilisha nini?

#11 Bi_Kizingo

Dadangu Binti, mimi muuguzi, Mombasa. Maneno ya huyu ndugu dereva yamenitoa machozi, na mimi nina langu nililolibeba muda mrefu.

Usiku mmoja wadi ya watoto nilikuwa nikitafuta mshipa wa mtoto mchanga. Wajua mshipa wa kichanga, ni uzi. Nikainama, nikashika pumzi. Nyuma yangu mashine ya mtoto mwingine ikalia. Mwenzangu akaja mbio akaizima, akashughulika na yule mtoto, alhamdulillahi salama. Kisha akaniuliza mbona nimepuuza. Wallahi sikuisikia. Nilikuwa hatua mbili tu. Niliandikiwa barua ya onyo, na mpaka leo kuna wanaoamini nilisikia nikanyamaza. Hili lawezekana? Mtu mwenye masikio mazima asisikie king'ora?

#12 Binti_Pangani

Dada yangu Bi Kizingo, lawezekana, na limepimwa.

Sauti ikigonga sikio na ubongo ukaitambua kama jambo linalohitaji kushughulikiwa, kama milisekunde 300 baadaye kunatokea wimbi kubwa linaloitwa P300. Samuel Sutton na wenzake walilieleza mwaka 1965. Miaka ya 1980, Emanuel Donchin, Christopher Wickens na Arthur Kramer, Chuo Kikuu cha Illinois, waliwapa watu kazi kubwa mkononi na milio ya kuhesabu pembeni. Kadiri kazi ya mkononi ilivyokuwa nzito, P300 ya milio ilisinyaa. Akili ina akiba moja, ikienda yote huku, kule hakubaki kitu.

Huko Toulouse, Ufaransa, Frédéric Dehais na wenzake wamewapima marubani wakiwa kazini kwenye vyumba vya kuigizia urushaji na hata angani. Ving'ora vinalia, marubani hawavisikii, na ubongo wao unaonyesha kwamba sauti haikupewa nafasi. Masikio mazima. Wanaliita uziwi wa umakini.

Na kabla ya vipimo hivyo watu walishakufa kwa jambo hili. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines namba 401 ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa moja ndogo ya gurudumu la mbele haikuwaka. Wote chumba cha rubani wakajikita kwenye taa ile. Wakati huo ndege ilikuwa imeanza kushuka polepole, na mlio wa kutahadharisha kuhusu kimo ulilia. Hakuna aliyeonyesha dalili ya kuusikia. Iliangukia kwenye vinamasi vya Everglades, wakafa watu 101.

Wewe hukupuuza. Ulikuwa umempa yule kichanga akili yako yote, na mashine iliyokuwa nyuma yako ilitengenezwa na watu waliodhani binadamu ana akiba isiyoisha. Ningependa hao waliokuandikia barua wasome hili.

#13 Bi_Kizingo

Mungu akulipe. Nimelisoma mara tatu. Nitalichapa nimpelekee yule mwenzangu.

#14 Binti_Pangani

Nimekaa na swali la kaka Semi siku nzima, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Kinamlilia nani.

Kuna kazi moja ambayo nikiikumbuka napata matumaini. Mwaka 2016 Pietro Aricò na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi 12 wa uongozaji ndege kwenye chuo cha ENAC, Toulouse. Kila mmoja amevaa elektrodi, anaongoza ndege za kuigiza. Programu inafuatilia mzigo wa akili yake. Ukizidi, hawamlilii yeye wala msimamizi wake. Kioo chenyewe kinabadilika: yasiyo ya lazima yanapungua, ya muhimu yanakolezwa. Mzigo ukishuka, kioo kinarudi. Kazi inasogea kumfuata mtu.

Programu ile ilimjifunza kila mtu peke yake. Hilo nalifanya hata mimi: kabla ya kipimo, mtu anakaa macho wazi, macho kafumba, kazi nyepesi, kazi nzito, nasi tunajua mzigo wake yeye unafananaje leo. Kesho tunarekebisha tena, maana amelala vingine, amekunywa kahawa, kofia imekaa nusu sentimita pembeni. Kumlinganisha Juma na Asha kwa asilimia za mkanda hakuna maana yoyote. Unamlinganisha Juma na Juma.

Kwa hiyo kwa madereva, kaka, mimi ningewapima kumi kwa hiari, majina yamefichwa, safari kadhaa, kisha ningechora ramani: ni kilomita zipi akili zinazama. Halafu ramani hiyo niwape wanaojenga maegesho na wanaopanga ratiba. Hakuna jina la dereva ndani yake.

#15 Semi_Trela

Hiyo ningevaa hata kesho.

#16 Msusi_Sinza

Samahani naingilia. Mimi msusi, Sinza. Dada, mbona hujasema kofia inakaaje kwenye nywele zetu? Rasta, mabutu, nywele asilia za kipilipili? Elektrodi inapenya wapi?

#17 Binti_Pangani

Dada msusi, umenigusa.

Mara ya kwanza kuingia maabara ya EEG sikuwa mpimaji, nilikuwa mshiriki. Nilikuwa nimesuka rasta wiki hiyohiyo. Msaidizi akazishika, akamtazama mwenzake, akaniambia kwa upole kwamba nywele zangu hazifai kwa kipimo. Nikarudi nyumbani na basi. Sikuwa na hasira naye, hakufundishwa. Lakini nilifikiria njia nzima: kama sisi tunarudishwa mlangoni, programu hizi zinajifunza ubongo kutoka vichwa vya nani?

Tatizo ni la kweli. Elektrodi inatakiwa iguse ngozi, na nywele nene zilizojikunja zinaisukuma juu. Kofia inainuka, ishara inakufa. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kuwaacha watu hao nje.

Aliyelibadilisha ni mwanafunzi, Arnelle Etienne, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, na mwaka 2020 kazi yao ilitangazwa. Badala ya kupambana na nywele, wanasuka misuko ya mistari kwa kufuata ule mpango wa asilimia 10 na 20, ili ngozi ya kichwa iwe wazi mahali panapotakiwa, kisha vibanio maalumu vinajishika kwenye misuko yenyewe na kukandamiza elektrodi chini. Waliviita Sevo, yaani ubongo kwa Kikrioli cha Haiti.

#18 Msusi_Sinza

Jamani, si twende kilioni hiyo! Mistari kutoka mbele kwenda nyuma. Hiyo nasuka kwa dakika arobaini.

#19 Binti_Pangani

Ndiyo hiyo hiyo, dada. Nimejifunza kusuka upya kwa ajili ya kazi. Mshiriki wetu mwenye nywele kama zangu sasa anakuja saa moja kabla, namsuka, tunapiga soga, na harudishwi mtu.

#20 Fundi_Redio

Swali la mwisho kwangu. Hizo taarifa za ubongo, zikishatoka kwenye mkanda zikaingia kwenye simu, ni za nani?

#21 Binti_Pangani

Chile wamelijibu kabla ya wengine. Mwaka 2021 waliongeza kwenye katiba ulinzi wa shughuli za ubongo na taarifa zake. Agosti 2023 Mahakama ya Juu yao ikaiamuru kampuni ya Emotiv ifute taarifa za ubongo za seneta wa zamani, Guido Girardi, aliyekuwa amenunua kifaa chao. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Taarifa za afya zimo humo. Mzazi ana haki ya kumuuliza muuzaji taarifa zinahifadhiwa wapi na zinafutwaje. Dada yangu aliuliza. Muuzaji alisema atarudi na jibu, na hajarudi.

#22 Mwl_Hesabu

Binti, basi niachie kitu. Sina kofia na mkanda umenikatalia. Nifanye nini Jumatatu?

#23 Binti_Pangani

Waulize, mwalimu. Nasema kwa uzito wote. Mwaka 1988 Sandra Hart wa NASA na mwenzake Lowell Staveland walichapisha karatasi ya maswali sita: kazi ilihitaji kufikiri kiasi gani, nguvu za mwili kiasi gani, ilikukimbiza kiasi gani, umeifanya vizuri kiasi gani, umetumia juhudi kiasi gani, imekukera kiasi gani. Unaweka alama kwenye mstari, kutoka chini hadi juu. Hata sisi wenye elektrodi 64 tunawapa watu karatasi ile mwisho wa kila kazi, na mawimbi yakitofautiana na karatasi, tunasimama na kujiuliza nani kakosea. Ya nguvu za mwili unaweza kuiacha. Iweke kwa Kiswahili, bila jina la mwanafunzi.

#24 Mwl_Hesabu

Narudi na mrejesho, wiki mbili baadaye.

Niliwapa maswali manne ya asilimia na uwiano. Mawili ya namba tupu, mawili ya maelezo, yale ya mfanyabiashara kanunua magunia, kauza kwa faida. Hesabu ni zilezile, nimebadili namba tu. Ya maelezo yako kwa Kiingereza, kama yalivyo kitabuni, maana ndiyo lugha ya kidato cha kwanza. Baada ya kila swali, mistari mitano ya kuweka alama.

Kwenye namba tupu alama za juhudi zimekaa chini na katikati. Kwenye maelezo zimepanda juu karibu karatasi zote, na kukereka kumepanda pamoja nazo. Yule wa dirishani nimemtambua kwa mwandiko. Namba tupu kapata zote mbili. Ya maelezo ameacha wazi, na kwenye mstari wa juhudi ameweka alama mwisho kabisa.

Chini ya ukurasa ameandika kwa penseli: "Mwalimu hesabu naijua, nachoka kuitafuta ilikojificha."